Kikombe cha Mgeni

Isiolo mjini kuna watu wanaosema "Chuo" kana kwamba dunia nzima ina kimoja tu. Ukiwauliza chuo gani, wanakucheka. Ni kile cha udaktari kule Nairobi, kinachochukua wanafunzi wachache mno, mpaka wazazi wengine huanza kukiombea dua mtoto akiwa bado chekechea. Baada ya kaunti kuja na kila mtu kujifunza kulalamika kwamba ameachwa nyuma, Chuo nacho kikatenga nafasi mbili kwa watoto wa wafugaji wa kaskazini wasio na uwezo. Masomo bure, malazi bure. Masharti yalikuwa machache: mtoto awe amepasi vizuri, aandike insha ya maisha yake, watu wa Chuo waje wamwone kwao, na boma moja lisitoe zaidi ya mtoto mmoja.

Abdikarim hakuwa mtu asiye na uwezo. Alikuwa na boza la kubebea maji, malori ya kubeba ng'ombe, na nyumba nyuma ya msikiti yenye vigae mpaka chooni. Lakini baba yake alikuwa amechunga ng'ombe, na Abdikarim akianza kusimulia jinsi kaskazini ilivyonyimwa barabara, alitokwa na machozi ya kweli. Sisemi alikuwa mwongo. Mtu anaweza kulia machozi ya kweli juu ya shida ya mwenzake mpaka akaamini ni yake.

"Hiyo nafasi ni haki yetu," alisema jioni moja wakila.

"Haki ya nani, baba?" Safiyo aliuliza. Safiyo alikuwa binti yake wa pekee, amemaliza kidato cha nne na kupasi vizuri.

"Yetu," baba akajibu, akaongeza mchuzi.

Kuna jambo moja ambalo halikutajwa mezani pale, ingawa wote walilijua. Aliyesikia habari za nafasi hizo kwanza hakuwa Safiyo. Alikuwa Abiba, binti wa Talaso, dada mkubwa wa Abdikarim anayekaa kijijini Biliqo. Wasichana hao wawili walisoma shule moja ya bweni. Karo ya wote wawili ililipwa na Abdikarim, na hilo asinyimwe sifa yake. Likizo fupi, kwa kuwa Biliqo ni mbali, Abiba alilala mjini kwa mjomba wake, godoro moja na Safiyo. Katika mtihani Abiba alikuwa wa kwanza shule nzima, na Safiyo wa nne. Mwalimu wa bayolojia alimwita Abiba akamwambia habari za nafasi za Chuo. Abiba akamwambia Safiyo, kisha akamwomba mjomba amsaidie kutuma maombi kwa kompyuta yake.

"Nitashughulikia," mjomba akasema.

Akashughulikia. Alituma maombi ya Safiyo, na akaandika kwamba Safiyo alilelewa na shangazi yake Talaso, boma la Biliqo, tangu alipoachishwa ziwa. Boma la Talaso likawa limetoa mtoto wake mmoja, na mlango ukafungwa.

Abiba alipoambiwa, alisema, "Sawa, mjomba." Angesema nini? Mwaka wa ukame boza la mjomba ndilo lililowanywesha mbuzi wa mama yake. Abdikarim alimpiga piga begani akamwambia chuo cha ualimu nacho si kibaya, na damu ni nzito kuliko maji. Kwa mwenye boza, huo ni usemi mzuri sana.

Insha ndiyo iliyomsumbua Safiyo. Alikaa mbele ya kompyuta akaona kwamba maisha yake hayana kitu cha kumliza mtu. Halafu akakumbuka usiku wa godoro moja, Abiba akimsimulia jinsi mto Waso ulivyofurika akiwa darasa la sita. Abiba alivuka maji yakiwa kifuani, amembeba shingoni mbuzi mwenye mimba. Mbuzi alizaa palepale ukingoni akafa, na Abiba akaenda shule siku mbili akiwa na mwanambuzi ndani ya mkoba wa vitabu, akimnyonyesha kwa kidole kilichochovywa maziwa chini ya dawati. Walikuwa wamecheka sana usiku ule. Safiyo aliandika hadithi yote hiyo, na kila mahali palipokuwa na Abiba aliweka "mimi". Ilimchukua muda mfupi kuliko insha yoyote aliyowahi kuandika.

Chuo kikajibu kwamba insha imewagusa, na kwamba watakuja kumwona kwao.

Abdikarim mwenyewe hakwenda Biliqo. Tumbo lake la shibe lingewaumbua. Alimtuma Erot, dereva wa boza, ampeleke Safiyo siku moja kabla, na Erot akageuza gari akarudi bila hata kushuka. Talaso alimkumbatia mtoto wa ndugu yake kwa furaha kama siku zote. Abiba akamletea gauni lake la kuchungia na sandali za tairi, akamtazama miguu, akacheka.

"Aki Safiyo, hii miguu ni ya vigae. Paka jivu kidogo."

"Abiba, wewe hukasiriki?"

"Vaa sandali," Abiba akasema. Hakucheka tena.

Usiku huo Talaso alisema neno moja tu juu ya mpango huo. "Ndugu yangu ameomba, na mimi siwezi kumkatalia. Lakini mdomo yangu haitasema uongo. Nitanyamaza. Mtu akinyamaza, hajasema."

Gari la Chuo lilifika kabla jua halijawa kali. Akashuka mwanamke wa makamo aliyeitwa Warigia, kofia kichwani, na dereva wake Ndegwa, aliyekuwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Habari zenu," Warigia akasema.

"Nagaa, nagaa. Karibuni," Talaso akajibu, na kutoka hapo akashika ahadi yake ya kunyamaza.

Safiyo alifanya vizuri. Nasema hivyo kwa masikitiko. Alikamua mbuzi, Abiba akimshikilia mguu kama msaidizi. Alionyesha njia ya mtoni. Alieleza jinsi wanavyohama nyasi zikiisha. Kisha Warigia akamwomba asimulie kuhusu yule mbuzi, na Safiyo akanyoosha mkono kuelekea miti ya mikoma iliyoko ukingoni mwa Waso akaanza. Alisimulia maji yalivyonguruma, alivyomeza tope, mbuzi mweupe alivyokata roho kichwa kikiwa mapajani mwake. Warigia akavua miwani akaifuta.

Abiba alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Midomo yake ilikuwa ikienda polepole pamoja na hadithi, bila sauti. Safiyo aliposema "mweupe", midomo ile ikasimama. Safiyo aliona. Akahisi uso wote unawaka, akashukuru kwamba palikuwa na jua la kusingizia.

Wakaingia ndani kunywa chai.

Talaso alikuwa na vikombe vingi vya bati vya kila siku, na vitatu vya udongo vyenye maua, alivyovifunga kwenye kitambaa kwa ajili ya wageni. Akavifungua. Kwa Waborana mgeni haulizwi, haombwi, hangojeshwi. Hupewa, na hupewa kwanza. Mtoto wa nyumba hushika birika, huzunguka, humimina, husimama. Yeye hunywa mwisho, kama kuna kilichobaki. Hakuna anayefundishwa jambo hili. Mkono hulijua tu, kama mguu unavyojua njia ya kisimani.

Abiba akashika birika. Talaso akachukua kikombe cha kwanza chenye maua akampa Warigia. Cha pili akampa Ndegwa. Cha tatu, bila kufikiri, akampa Safiyo kwa mikono miwili.

Na Safiyo, bila kufikiri, akakipokea. Kila alipokuja Biliqo tangu utotoni, kikombe hicho kilikuwa chake.

Warigia alikuwa ameinua chai yake. Akaishusha.

"Mimi nimekulia Isiolo," akasema taratibu. "Baba alikuwa na duka karibu na soko ya mifugo. Jirani yetu alikuwa mzee Dabaso. Kila Idi tulikunywa chai kwake, na wasichana wake ndio walikuwa wanashika birika. Sijawahi kuona mtoto wa nyumba akikunywa na wageni." Akamtazama Abiba aliyesimama na birika, halafu akamgeukia Safiyo. "Huyu mwenye birika ni nani?"

Talaso alitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba imemsaliti. Alikuwa ameapa kutosema uongo na hakusema, lakini mikono haikuwa imeapa chochote, na ilikuwa imesema ukweli mbele ya watu.

Swali lilikuwa la Safiyo. Angeweza kulijibu. Alifikiria Chuo, koti jeupe, baba yake akingoja simu mjini. Neno la kweli lilikuja hadi kwenye meno.

"Ni mgeni," akasema. "Mtoto wa jirani. Amekuja kutusaidia tu, mimi na mama."

Talaso akainuka. Akamnyang'anya Abiba birika, si kwa ukali, akachukua kikombe cha Ndegwa kilichokuwa kimekwisha chai, akakisuuza, akamimina chai, akaongeza sukari kama inavyoongezwa kwa mtu aliyetoka mbali. Akampa binti yake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni," akasema.

Abiba alimtazama mama yake. Kisha akaketi mahali pa wageni, akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa yote hadi chini, kwa sababu mgeni akibakisha chai ameitukana nyumba. Watu wote walisikia kikombe kikigonga meno yake.

Warigia hakuuliza tena. Alishukuru, akaaga, na gari likaondoka.

Simu ilikuja baada ya wiki chache. Safiyo amepata.

Nyuma ya msikiti palichinjwa. Dua ikasomwa, wali ukaliwa, na watu ambao hawajawahi kumsalimu Safiyo wakamkumbatia. Kananu, mama jirani anayeuza miraa, alikuja na mashada yake begani akampigia vigelegele. "Sasa sisi tutatibiwa bure! Daktari yetu mwenyewe, si wa kuletwa!" Abdikarim alitembea katikati ya watu akipokea pongezi, na kila mara alisema, "Hata sisi watoto wa wafugaji, Mungu hatusahau." Safiyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima akitazama mapaja yake. Aliona haya hata ya kula. Kila tonge lilikuwa na kikombe kinachogonga meno ndani yake.

Talaso hakuja kwenye sherehe. Hakutuma salamu wala sababu. Safiyo akamwomba Erot ampeleke Biliqo akaage, na ukweli ni kwamba alitaka kusamehewa haraka haraka kabla ya kusafiri. Alikuwa amembebea Abiba gauni jipya.

Talaso alikuwa nje akirekebisha mkeka wa paa. Hakumkumbatia.

"Umerudi nyumbani," akasema. "Vizuri. Maji imekwisha. Mtungi iko pale."

Safiyo akacheka, akidhani ni mzaha. Si kuna ule usemi wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Lakini yeye hakuwa hata amekaa, na shangazi hakuwa anacheka.

"Abiba yuko wapi, shangazi?"

"Mgeni amepumzika ndani. Usimwamshe. Na mimi si shangazi. Ulisema mbele ya watu mimi ni mama yako."

Safiyo akachukua mtungi wa plastiki akaenda mtoni. Njia ambayo aliionyesha kwa kidole siku ile hakuwa amewahi kuipita na maji mgongoni. Alipumzika mara nyingi kiasi cha kuona aibu mbele ya mbuzi. Kamba ilimkata kifuani, na sandali zake za mjini zilijaa mchanga wa moto. Aliporudi bomani maji yalikuwa yamepungua kwa kumwagika. Talaso akatazama ndani ya mtungi, akasema, "Pika chai."

Akapika. Abiba akatoka akaketi mahali pa wageni. Alikuwa amenawa, amejitanda shela safi. Safiyo akamfungulia kikombe chenye maua akampa kwa mikono miwili, na Abiba akakipokea.

"Asante. Mjini hawajambo? Wazazi wazima?"

"Abiba, acha hivyo."

"Mvua imenyesha huko?"

"Abiba, tafadhali. Ni mimi."

Abiba akanywa kidogo, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuwasumbua wenyeji. "Chai ni nzuri," akasema. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni lakini hakuyaacha yaanguke. Mgeni halii katika nyumba ya watu.

Safiyo akamgeukia Talaso. "Mnanifanyia hivi kwa nini? Si ni maneno tu niliyasema? Si mlikubali wenyewe?"

"Mimi nilikubali kukupa nyumba kwa siku moja," Talaso akasema. "Hiyo ni makosa yangu, na nitaijibu kwa Mungu. Lakini mtoto yangu sikukupa. Wewe ndiye ulimtoa. Hapa kwetu neno ikisemwa mbele ya mgeni haichukuliwi na upepo. Inakaa mpaka aliyeisema aitoe mwenyewe." Akamwonyesha birika. "Mmiminie mgeni tena."

Hakuwa anamtesa. Hilo ndilo lililomvunja Safiyo: shangazi hakuwa na hasira yoyote usoni, alikuwa na huzuni tu, na alikuwa anaheshimu neno la Safiyo kuliko Safiyo mwenyewe alivyoliheshimu. Aibu ilimshika kama homa. Akaliweka birika chini akatoka nje mbio, simu mkononi.

Biliqo mtandao hauko kila mahali. Kuna kichuguu kirefu nyuma ya zizi, na ukisimama juu yake ukaelekea upande wa Merti, simu inaweza kushika. Mwenye shida yake hupanda pale akapiga kelele, na kijiji kizima kinasikia. Safiyo akapanda.

"Bi Warigia? Ni Safiyo wa Isiolo. Naomba uniulize tena lile swali."

Warigia akasema, "Yule msichana aliyekuwa ameshika birika ni nani?"

"Ni mtoto wa nyumba. Jina lake ni Abiba. Mgeni ni mimi. Baba yangu ana malori, ana boza, tuna nyumba mjini. Abiba ndiye alikuwa wa kwanza shuleni. Yeye ndiye aliniambia habari za Chuo."

Watoto waliokuwa wakicheza zizini waliacha kucheza. Mwanamke mmoja jirani alisimama mlangoni na mwiko.

"Nilihisi siku ile ile," Warigia akasema. "Niliandika kwamba sina uhakika. Wenzangu wa kamati walisoma insha, na insha ikashinda."

"Ulihisi, na ukaondoka?"

"Niliondoka." Sauti yake ilishuka. "Sikutaka kumwaibisha mama wa watu ndani ya nyumba yake. Ndivyo nilivyojiambia. Labda pia nilitaka iwe kweli, maana nilikuwa nimelia." Kisha sauti ikarudi kuwa ya kazi. "Unaelewa kwamba nafasi yako imekwisha, Safiyo?"

"Naelewa. Mpe Abiba."

"Siwezi kumpa tu. Maombi ya mwaka huu yamefungwa. Nafasi itakwenda kwa anayefuata, na sijui ni wa wapi. Mwambie aombe mwaka ujao. Aandike insha yake mwenyewe, nami nitaisoma kwa macho yangu."

Safiyo akaishika simu kwa mikono miwili.

"Safiyo? Uko?"

"Ile ilikuwa yake," akasema.

"Ipi?"

"Ya mbuzi. Ya mto, na mwanambuzi ndani ya mkoba. Ni yake yote. Mimi sijawahi kuvuka Waso hata wakati wa kiangazi."

Kamati nzima ilikuwa imeshaisoma hadithi ile chini ya jina lingine. Mwaka ujao msichana wa Biliqo akiandika juu ya mbuzi mtoni, kuna watakaosema ameiba. Safiyo alikuwa amechukua mama wa mtu, boma la mtu na nafasi ya mtu, na vyote hivyo pengine vingerudishwa. Kile kingine hakujua kinarudishwaje.

"Nitawaeleza wote," Warigia akasema mwishowe. "Lakini wewe utaandika kwanza, ukiri kwa mkono wako kwamba ulichukua. Baba yako atajua. Mji utajua."

"Sawa," Safiyo akasema, akaketi juu ya kichuguu. Alifikiria Kananu na vigelegele vyake. Alifikiria baba yake akipokea pongezi hata leo hii, na jinsi wali ule wote ulivyoliwa bure.

Aliporudi ndani hakuna aliyemuuliza kitu. Walikuwa wamesikia, nani hakusikia? Talaso alikuwa ameinamia moto, na alikuwa anafuta macho kwa ncha ya shela. Abiba bado alikuwa ameketi mahali pa wageni, kikombe kitupu mapajani.

"Nimemwambia," Safiyo akasema, akaliinua tena birika.

"Na mbuzi?"

"Nimemwambia ni wako."

"Alikuwa mweusi," Abiba akasema.

Kisha akainuka. Akalichukua birika kutoka kwa Safiyo bila kumgusa vidole, akakisuuza kile kikombe chenye maua, akamimina chai, akaongeza sukari. Akampa kwa mikono miwili.

"Karibu," akasema, akabaki amesimama.

Safiyo akaketi mahali pa wageni. Chai ilikuwa ya moto, lakini alikunywa yote hadi chini, maana katika nyumba ile mgeni habakishi.